Uzi: Umeteuliwa kuongoza utafiti wa jinsia na afya? Mengi huharibika kabla ya dodoso la kwanza

MezaYaTakwimu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi kila baada ya miezi michache humu: mtu kapata ruzuku, au kateuliwa kuwa mtafiti mkuu wa mradi wenye neno "jinsia" kwenye kichwa, anauliza aanzie wapi. Majibu mengi huwa ya hotuba: shirikisha jamii, zingatia usawa. Sawa, lakini hayo hayakusaidii siku mfadhili anapouliza kwa nini matokeo yako hayasemi lolote. Naomba tuufanye uzi huu wa kazi. Kiongozi wa utafiti wa aina hii hupimwa kwa maamuzi machache anayofanya akiwa bado mezani. Akishakosea pale, muda wote uliobaki ni wa kulipia kosa.

Naanza na neno lenyewe. Fungua dodoso lolote la afya, ukurasa wa kwanza utakuta "Jinsia: Me / Ke". Hapo kilichoulizwa ni jinsi, yaani maumbile. Jinsia ni mambo mengine: nani ana pesa ya nauli ya kwenda kliniki, nani anaamua mtoto apelekwe lini, nani anaruhusiwa kulala hospitali na nani nyumba itasimama asipokuwepo. Lugha yetu imetupa maneno mawili tofauti bure kabisa, halafu tunayachanganya kwenye fomu. Ukiweka kisanduku cha Me/Ke peke yake, mwisho wa mradi utaweza kusema wanawake wanaugua zaidi au kidogo. Hutaweza kusema kwa nini.

Na jinsi nayo si ya kudharau. Dawa ya usingizi ya zolpidem iliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Januari 2013, miaka 20 baadaye, mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikaamuru dozi iliyopendekezwa kwa wanawake ipunguzwe nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5. Saa 8 baada ya kumeza miligramu 10, takriban asilimia 15 ya wanawake walikuwa bado na dawa kwenye damu kwa kiwango cha kuhatarisha uendeshaji gari. Kwa wanaume ni asilimia 3 hivi. Mzizi wa tabia hii uko nyuma zaidi: mwongozo wa FDA wa mwaka 1977 uliwaweka nje ya majaribio ya awali wanawake wenye uwezo wa kuzaa, na haukuondolewa hadi 1993.

Hivyo uamuzi wa kwanza: andika swali lako kwa sentensi moja, kisha jiulize kama ni la jinsi, la jinsia, au yote mawili. Kama ni la jinsia, orodhesha maswali ya dodoso yatakayoipima. Matano yanatosha kuanzia: nani anashika kipato, nani anaamua matibabu, saa za kazi zisizolipwa kwa siku, ruhusa ya kutoka nyumbani, umiliki wa simu. La simu wengi hulisahau, halafu wanapanga ufuatiliaji kwa kupiga simu ambayo kumbe ni ya mume.

Karibuni mkosoe.

---

KayaMoja

Uzi mzuri mkuu. Ngoja niongeze la ukubwa wa sampuli, maana ndipo miradi mingi ya jinsia hufia kimyakimya.

Ukipanga sampuli ya kugundua kama dawa au mpango unafanya kazi kwa watu wote, kisha mwishoni ukataka kujua kama unafanya kazi tofauti kwa wanawake na wanaume, sampuli hiyo haikutoshi. Kugundua tofauti ya athari kati ya makundi mawili, tofauti yenye ukubwa sawa na athari yenyewe, kunahitaji watu kama mara 4. Ulipanga 400? Unahitaji 1,600. Kiongozi asiyelijua hili hukubali kuandika kwenye pendekezo "tutachanganua kwa jinsi", halafu anakuta tofauti "haipo". Tofauti huenda ipo, ila darubini yake ni ndogo.

Mtego wa pili ni kupanga kwa makundi badala ya mtu mmoja mmoja: mitaa, vijiji, vikundi vya mikopo. Watu wa mtaa mmoja hufanana, hivyo kila unayemwongeza anakupa taarifa pungufu. Kanuni yake ni fupi: gawanya sampuli yako kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watu kwa kila kundi na r ni kipimo cha jinsi wanavyofanana.

Chukua tafiti mbili za kwetu. SASA! ya Kampala, jaribio la mpango wa kuzuia ukatili wa wenza, iliyofanywa na mashirika ya Raising Voices na CEDOVIP, Chuo Kikuu cha Makerere na London School of Hygiene and Tropical Medicine, ilikuwa na jamii 8, yaani jozi 4. Mahojiano ya mwisho ya mwaka 2012 yalichukua watu 2,532. MAISHA ya Mwanza, nayo ya kuzuia ukatili wa wenza, ilikuwa na vikundi 66 vya wanawake wa mikopo midogo, jumla wanawake 1,049. Tuseme r ni 0.02 kote, kwa mfano wa hesabu tu. Kampala kila jamii ina watu kama 316, hivyo 1 + 315 × 0.02 ni 7.3, gawanya 2,532 kwa 7.3 unabaki na nguvu ya watu kama 347. Mwanza kila kikundi ni watu kama 16, hivyo 1 + 15 × 0.02 ni 1.3, unabaki na nguvu ya watu kama 807. Mradi wenye watu wachache ndio wenye nguvu zaidi ya mara mbili.

Na ndivyo ilivyoonekana kwenye matokeo. SASA! ilikuta ukatili wa kipigo kutoka kwa mwenza katika mwaka uliopita uko chini kwa asilimia 52 kwenye jamii zilizopata mpango. Namba nzito. Lakini wigo wa uhakika wa asilimia 95 ulianzia 0.16 hadi 1.39, yaani unapita kwenye 1, ambayo maana yake ni hakuna tofauti. Waandishi wenyewe waliuchapisha wazi. Waliokuja kunukuu "asilimia 52" bila ule wigo ndio wanaotuharibia kazi.

Ushauri: ukibanwa na bajeti, ongeza makundi na upunguze watu ndani ya kundi. Chini ya makundi 8 kila upande, fikiria mara mbili kama unafanya jaribio au unafanya maonyesho.

---

MezaYaTakwimu

@KayaMoja nakazia. Niongeze tu kwamba MAISHA nayo ina funzo. Kigezo kikuu kilichopangwa, ukatili wa kipigo au wa kingono kwa pamoja, kilikuwa asilimia 23 kwa waliopata mafunzo ya vipindi 10 na 27 kwa wasiopata, na tofauti hiyo haikuvuka mstari wa uhakika. Kipigo peke yake ndicho kilichopungua kwa uhakika. Timu ya Profesa Saidi Kapiga na wenzake ilitangaza hivyohivyo, bila kubadilisha kigezo kikuu baada ya kuona namba. Kujizuia huko ni uongozi pia, na shinikizo la kutojizuia huwa kubwa kuliko mtu wa nje anavyodhani.

---

ShangaziWaUtafiti

Wanangu, mmeanza na hesabu, vyema. Mimi niwapeleke uwanjani, kwa sababu utafiti wa ukatili wa kijinsia ukiendeshwa vibaya haukosi matokeo tu. Mtu anapigwa usiku ule.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maadili na usalama wa tafiti hizi mwaka 2001, na utafiti wao wa nchi nyingi, ambao kwetu ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya, uliutumia. Humo walikuta kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza, asilimia 41 Dar es Salaam na 56 Mbeya walishafanyiwa ukatili wa kipigo au wa kingono na mwenza. Namba kama hizo hazipatikani kwa kugonga mlango na kuuliza "je, umewahi kufanyiwa ukatili?" Hapo wengi watajibu hapana, na kwa akili yao wanasema kweli, maana kofi la mume wengine hawaliiti ukatili.

Uliza tendo. Amewahi kukupiga kofi au kukurushia kitu ambacho kingekuumiza? Kukusukuma au kukuvuta nywele? Kukupiga ngumi au kwa kitu kingine? Kukupiga teke, kukuburuza? Kukukaba au kukuunguza makusudi? Kukutishia kwa kisu au silaha? Kila tendo na safu yake: imewahi kutokea, imetokea miezi 12 iliyopita, mara ngapi. Maneno yajaribiwe kwanza na wanawake wa eneo husika. Tafsiri iliyofanywa ofisini humpa mhojiwa maneno ya kamusi, naye anatabasamu tu.

Sasa usalama, na hapa sipunguzi hata kimoja:

Utafiti uwe na jina la kawaida mtaani, mfano "afya ya wanawake na maisha yao". Mwenyekiti wa mtaa, mkuu wa kaya na majirani wasikie jina hilo. Mhojiwa mwenyewe, mkiwa faragha, ndiye anayeambiwa kwamba kuna maswali ya ukatili, na anaombwa ridhaa tena kabla ya sehemu hiyo.

Mwanamke mmoja tu kwa kila kaya. Mkihoji wawili, wa pili atajua wa kwanza kaulizwa nini, na habari itafika kwa mwenye nyumba kabla ya chakula cha jioni. Anayehojiwa achaguliwe kwa bahati nasibu kati ya wote wenye umri unaotakiwa, bila kumwachia mkuu wa kaya akupe "anayejua kuongea".

Wanaume wa kaya hiyohiyo wasihojiwe kuhusu ukatili. Ukitaka sauti ya wanaume, wachukue eneo jingine kabisa.

Asiwepo mtu mwingine, isipokuwa mtoto wa chini ya miaka 2. Wa miaka 3 anarudia maneno. Nyumba zetu za vyumba vya kupanga hazina faragha, kwa hiyo mpangilie mahojiano ya kutembea, au chumba cha zahanati, au chini ya mwembe mbali na kisima.

Mhojaji awe na dodoso la pili la bandia, la lishe au chanjo. Mtu akiingia, anageuza ukurasa na kuuliza "na mtoto alikula mara ngapi jana?" Hili lifanyiwe mazoezi hadi lisimshtue. Mhojaji anayekatisha na kukaa kimya ameshasema kila kitu.

Kadi ya msaada asipewe ya ukatili peke yake. Mpe karatasi ndogo yenye huduma mchanganyiko: kliniki ya wajawazito, bima, dawati la jinsia na watoto polisi, ushauri nasaha, upimaji wa VVU. Na kabla ya siku ya kwanza, mtafiti mkuu azungukie kila huduma iliyo kwenye orodha ahakikishe ipo na inapokea watu. Orodha iliyonakiliwa kutoka mradi wa zamani humtuma mtu kwenye ofisi iliyofungwa.

---

Chipukizi_wa_Afya

Shangazi shikamoo, na asante sana. Swali dogo: kwa mambo mazito kama unyanyasaji wa kingono utotoni, mtu ambaye hataki kumtazama mhojaji usoni anajibu vipi?

---

ShangaziWaUtafiti

Marahaba. Utafiti ule wa nchi nyingi ulikuwa na mbinu rahisi sana. Mwisho wa mahojiano mhojiwa anapewa kadi yenye nyuso mbili, moja inacheka na nyingine inalia. Anaweka alama kwenye uso mmoja kujibu kama aliwahi kuguswa kingono bila kutaka kabla ya miaka 15, anaitia mwenyewe kwenye bahasha na kuifunga. Haihitaji kusoma. Sehemu nyingi waliodokeza kwa kadi walikuwa wengi kuliko waliosema kwa mdomo. Kasoro yake: kama kadi haina namba ya kuiunganisha na dodoso, huwezi kuichanganua pamoja na majibu mengine, na ukiiwekea namba unapunguza usiri. Chagua mapema, na andika kwenye itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, umechagua nini.

Kuhusu wahojaji: utafiti ule uliwafundisha wiki 3. Mafunzo ya siku 3 ninayoyaona kwenye bajeti nyingi ni utani. Katika timu ya wahojaji watano au sita, wapo wenyewe waliopitia haya. Weka mnasihi wa kuzungumza nao kila wiki, na ruhusu mtu ahamishiwe kwenye kazi ya kuingiza data bila maswali wala kukatwa posho.

---

Nyanza_ya_Juu

Wadau wa Kenya tupo pia. Naongeza ya majaribio ya dawa, maana ukatili ni sehemu moja tu.

Kuna somo la Bondo, magharibi mwa Kenya, ambalo kila kiongozi wa jaribio analofanya na wanawake alijue. Jaribio la FEM-PrEP liliandikisha wanawake 2,120 Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, wameze kidonge kila siku kuzuia VVU. Aprili 2011 likasimamishwa: maambukizi 33 upande wa dawa, 35 upande wa kidonge kisicho na dawa. Asilimia 95 walisema wanameza kila siku au karibu kila siku. Kuhesabu vidonge vilivyorudishwa kulionyesha asilimia 88. Damu ikasema dawa ilionekana kwa wasiofika asilimia 40.

Miaka hiyohiyo, Partners PrEP, iliyofanywa Kenya na Uganda kwa jozi 4,758 za wenzi ambao mmoja ana VVU, ilionyesha kinga ya takriban asilimia 75 kwa kidonge kilekile. Dawa ni moja. Tofauti moja kubwa ni kwamba hawa wa pili walimeza nyumbani kwa wazi, na mwenza anajua. Mwanamke wa miaka 20 anayekaa na chupa ya vidonge vya ARV kabatini anaogopa kuonekana ana virusi. Huo ndio ukweli wa jinsia ambao dodoso la Me/Ke halitaushika.

Vya kufanya: usitegemee kauli wala idadi ya vidonge. Pima dawa kwenye damu wakati jaribio likiendelea, hata kwa sampuli ndogo ya tone la damu kavu kwenye karatasi, ujue mwezi wa tatu na si mwaka wa tatu. Badala ya "umekosa dozi?" uliza "watu wengi hukosa dozi, wewe wiki hii imekuwaje?" Na posho ya nauli isiambatane na idadi ya vidonge ulivyorudisha, maana hapo umewalipa watu wakamwage vidonge njiani.

---

Mwiko_na_Sufuria

Samahani wakuu, mbona jinsia imekuwa wanawake tu? Wanaume hawaugui?

---

KayaMoja

Swali zuri, na jibu lake lina namba. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI Tanzania wa 2016–2017 ulikuta wanawake wenye VVU ambao virusi vyao vimefubazwa ni asilimia 57.5, wanaume 41.2. Yaani wanawake wanaambukizwa zaidi, wanaume wakishaambukizwa wanachelewa kupima na kutumia dawa. Kifua kikuu ni hivyohivyo: upimaji wa kaya kwa kaya katika nchi maskini hukuta wanaume wagonjwa zaidi ya maradufu ya wanawake, na wengi wao hawajafika kliniki. Kliniki inafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 9 alasiri, fundi yuko site. Mwanamke angalau hupimwa akiwa mjamzito.

Kiutendaji: timu ikitembelea kaya saa 4 asubuhi siku za kazi, sampuli yako ya wanaume itakuwa ya wazee, wagonjwa na wasio na kazi. Panga ziara za jioni na Jumapili, angalau marudio 3 kwa kila aliyekosekana, siku tofauti. Na andika waliokosekana kwa jinsi na umri, usiandike jumla tu.

---

DawaNaMimba

Sehemu ngumu kuliko zote hamjaigusa: wajawazito. Hapa ndipo viongozi wengi hukimbia, wanaandika "wajawazito hawataandikishwa" na kamati ya maadili inapumua. Hatari haiondoki. Inahama kutoka kwenye jaribio lenye madaktari na vipimo kwenda zahanati isiyo na chochote.

Angalieni dolutegravir, dawa ya VVU. Mei 2018 utafiti wa Tsepamo wa Botswana ulitoa tahadhari: kati ya watoto 426 waliozaliwa na mama waliokuwa wakiitumia wakati mimba inatungwa, 4 walikuwa na kasoro ya uti wa mgongo na ubongo, asilimia 0.94, wakati kwa dawa nyingine ilikuwa kama 0.12. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, zikawawekea mipaka wanawake wa umri wa kuzaa na kuwabakiza kwenye dawa ya zamani yenye madhara zaidi. Wanaume wakapewa mpya.

Sasa hesabu. Kwa watoto 426, mtoto mmoja ni asilimia 0.23. Tsepamo waliendelea kuhesabu: mwaka 2019 walikuwa na 5 kati ya 1,683, asilimia 0.30. Yaani katika watoto 1,257 walioongezeka, mmoja tu. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote, na kadiri namba ilivyokua tofauti ikaendelea kuyeyuka. Kilichookoa jambo ni kwamba Botswana ilianza kutumia dawa hiyo 2016 na hospitali zake tayari zilikuwa na daftari la kila mtoto anayezaliwa. Wengine wote walikuwa na hofu, wao walikuwa na daftari.

Na Julai 2018 wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi za Afrika walikutana Kigali wakatoa tamko: tupewe taarifa na uzazi wa mpango, tuchague wenyewe, msituzuie. Kiongozi wa utafiti asiyekuwa na watu kama hao kwenye kamati yake ya ushauri tangu mwanzo atawasikia kupitia tamko dhidi yake.

Mfano mwingine ni Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, huko Kongo (DRC). Mlipuko ulianza Agosti 2018, chanjo ipo, wajawazito na wanaonyonyesha wamezuiwa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake. Uamuzi wa kuwapa ulikuja Februari 2019, na itifaki iliyowaruhusu ikaanza kazi Juni 2019. Hesabuni miezi.

Kivitendo: andikeni kwenye itifaki tangu siku ya kwanza njia ya mshiriki anayepata mimba. Apewe ridhaa mpya yenye taarifa ya wakati huo, achague kuendelea au kuacha dawa, na kwa vyovyote aendelee kufuatiliwa hadi mtoto azaliwe na achunguzwe. Pimeni kiwango cha dawa kwenye damu katika miezi ya mwisho, maana maji ya damu huongezeka karibu nusu na figo huchuja haraka. Dozi ya kawaida inaweza kuwa pungufu. PURPOSE 1, jaribio la kuzuia VVU la Afrika Kusini na Uganda, ilifanya hivyo: waliopata mimba waliruhusiwa kubaki. Matokeo ya 2024 ya sindano ya lenacapavir yalikuwa maambukizi 0 kati ya wanawake 2,134, na taarifa za mimba zikapatikana humohumo, bila kungoja miaka 10.

---

Chipukizi_wa_Afya

Nimesoma yote nikaogopa. Vibali vinachukua muda gani, na nani anatangulia?

---

MezaYaTakwimu

Usiogope, panga foleni tu. Kwa Tanzania Bara: kwanza kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha kibali cha kitaifa kupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kwa watafiti wa kutoka nje, na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kama kuna dawa au kifaa tiba. Zanzibar ina mamlaka yake, ZAHRI; kibali cha Bara hakivuki maji. Baada ya hapo barua zinashuka: TAMISEMI, mkoa, halmashauri, kata, mtaa. Sampuli zikitoka nchini kuna mkataba wa kuhamisha sampuli, na huo ndio unaochelewesha kuliko vyote kwa sababu pande mbili za wanasheria hubishana nani mwenye mabaki. Uanze pamoja na itifaki. Kenya ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya sayansi ya huko), kisha kaunti.

Kosa la kawaida kwa miradi ya jinsia: barua ya kushuka mtaani inanakili kichwa kamili cha utafiti, "ukatili wa wenza". Kazi yote ya Shangazi inabomolewa na karani wa masijala. Omba kichwa kifupi cha uwanjani kiidhinishwe rasmi na kamati, ndicho kitumike kwenye barua zote za chini.

---

Nyanza_ya_Juu

Na pesa. Mstari wa bajeti wa mlezi wa watoto wakati wa mahojiano hukatwa wa kwanza, ukifuatiwa na wa mnasihi. Usiviweke chini ya "mengineyo". Viweke chini ya ukusanyaji wa data, pamoja na nauli, na eleza kwamba bila hivyo idadi ya watakaopotea katika ufuatiliaji itapanda. Lugha ya waliopotea mfadhili anaielewa.

Majina kwenye makala yapangwe kabla ya data. Wahariri wa majarida ya tiba wana vigezo vinne: mchango kwenye wazo au data, kuandika au kuhakiki kwa kina, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kuwajibika kwa kazi yote. Mratibu wa uwanjani, mara nyingi mwanamke, hutimiza cha kwanza, halafu hatumiwi rasimu, basi anaambiwa hakutimiza cha pili. Mtumie rasimu. Andikeni jedwali la makala zinazotarajiwa na mwandishi wa kwanza wa kila moja, lisainiwe, lirudiwe kila miezi 6.

---

DawaNaMimba

Kidogo kuhusu matokeo kufika kwenye sera, maana kuchapisha siyo mwisho. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ni mfano ulioenda vizuri. Jaribio la DoRIS la Mwanza lilichukua wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 na kulinganisha kingamwili baada ya dozi 1, 2 au 3. Jaribio la KEN SHE la Kenya lilichukua wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 na kupima maambukizi yenyewe. Dozi 1 ilikinga kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Moja inapima kingamwili kwenye damu, nyingine inapima maambukizi, umri tofauti, na zinaunganishika. Aprili 2022 wataalamu washauri wa Shirika la Afya Duniani wakakubali ratiba ya dozi moja, na Tanzania ikahamia huko 2024. Waliopata chanjo ya kulinganisha kwenye KEN SHE, iliyokuwa ya homa ya uti wa mgongo, walipangiwa kupata ya HPV mwishoni. Itifaki yenye mpango kama huo hupita kamati kirahisi na wazazi wanasaini.

Siri, kama ipo: watu wa mpango wa chanjo waulizwe kabla ni namba gani itawafanya wabadilishe ratiba. Ukiwaletea namba nyingine watakupongeza tu.

---

ShangaziWaUtafiti

Na mrejesho kwa jamii, wanangu. Usisome asilimia za mtaa mmoja kwenye mkutano wa mtaa huohuo. Wanaume watakwenda nyumbani kuuliza "ulisema nini wewe?" Unganisha matokeo kwa kata au wilaya, tangaza pamoja na mambo mengine ya afya ya wanawake yaliyopimwa, na wahojaji waliopita mtaa ule wasiwe wao wanaosimama mbele. Madodoso ya karatasi yafungiwe kabati lisilokaa wilaya hiyo. Yakiwa kwenye kishikwambi, kiwe na nywila, data ipande kila jioni na kufutwa kwenye kifaa, kwa sababu vishikwambi huibiwa stendi kama simu nyingine yoyote.

---

Chipukizi_wa_Afya

Asanteni wote. Narudi kwenye fomu yangu, swali la kwanza kabisa nalibadilisha kuwa "Jinsi".

---

MezaYaTakwimu

Vizuri. Na ongeza chini yake: "Simu hii ni ya nani?" na "Tukikupigia akipokea mtu mwingine, tujitambulishe vipi?" Nafasi ya jibu iwe wazi, mistari miwili.